Maswali na majibu: Rangi mpya na uzibaji wa vyambo bandia

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii ni ya vyambo bandia, vile visamaki vya plastiki au mti vyenye ndoana, hivi ambavyo wengi huviita rapala hata vikiwa vya kampuni nyingine. Chambo kipya cha kurambazia, yaani cha kuvutwa nyuma ya chombo kinachotembea, ni ghali, na nguru akikitafuna mara chache tu rangi imeshaondoka. Kukipaka upya nyumbani kunawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba watu wanahangaikia rangi na kusahau pale maji yanapoingilia.

*Chambo changu cha plastiki kimetobolewa na meno, na sasa kikivutwa kinalala upande. Nikikipaka rangi kitarudi sawa? (Nungwi)*

Rangi peke yake haitakisaidia, ndugu yangu. Kitikise karibu na sikio. Vyambo vingi vina vigololi ndani, kwa hiyo sikiliza vizuri usichanganye mlio wa gololi na mlio wa maji. Yakiwemo, lazima yatoke kwanza. Tundu likiwa dogo lipanue kwa pini, lielekeze chini, ukiache chambo kivulini penye upepo mpaka kikauke. Usikianike juu ya bati la moto, plastiki itapinda.

Kikishakauka kizamishe kwenye bakuli la maji ya moto yanayovumilika kwa mkono. Hewa ya ndani hutanuka, na vipovu vitakuonesha kila penye upenyo, mara nyingi kwenye mshono wa tumbo au pale ulimi, kile kibapa cha mbele kinachokizamisha chambo, ulipounganishwa. Weka alama kwa penseli, kiache kikauke tena, kisha ziba kwa epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ikaganda ngumu.

Hapo sasa ndipo kazi ya rangi inaanza. Toa ndoana na vipete vinavyozishikilia, osha kwa sabuni na maji ya bomba, kisha piga msasa laini, namba 400, mpaka mng'aro uishe. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri iache. Ulimi ufunike kwa solotepu, maana ukiongezeka unene chambo hakitaogelea kama zamani. Na ukishamaliza msasa usikishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya mikono yanatosha kuifanya rangi ibanduke.

*Nachonga mwenyewe kwa mti wa msufi. Nilipaka rangi ya mafuta, jioni yake vanishi, asubuhi yote imekunjamana. Vingine huvimba kichwani baada ya wiki. (Wete)*

Haya ni makosa mawili tofauti. Rangi ya mafuta hukauka juu huku ndani ikiwa bado mbichi, na dawa iliyomo kwenye vanishi huilainisha upya. Ipe siku kadhaa, au tumia rangi ya maji kisha epoksi juu yake. Kwa mchongaji napendekeza hii ya pili.

Kuvimba kichwani ni maji yanayopita pembeni ya waya uliopita ndani ya chambo kushika ndoana. Mti wa msufi ni mwepesi lakini unanyonya sana, kwa hiyo uzibe kabla ya rangi, pamoja na ndani ya kila tundu la waya, kwa supa glu nyepesi au vanishi iliyozimuliwa. Na mti uwe mkavu hasa. Unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia ya kutoka chambo kikipigwa jua. Lauri Rapala, Mfini aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa koki, yaani gome la vizibo vya chupa, alikivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu yake akapaka filamu za picha alizoziyeyusha ili maji yasipite. Tangu siku ya kwanza, kuziba kulikuwa sehemu ya kazi.

*Epoksi yangu inanata hata baada ya siku mbili. Nyingine imeganda lakini ina ukungu mweupe. (Mkoani)*

Kunata karibu kila mara ni vipimo. Kama kopo linasema sawa kwa sawa, basi ni sawa kwa sawa kweli, si kwa kukisia. Nunua mabomba mawili ya sindano dukani kwa dawa, moja la epoksi na moja la hadina, ile sehemu ya pili inayoigandisha, wala usiyabadilishe. Koroga polepole kwa dakika mbili au tatu, ukikwangua pembeni na chini. Kisha imimine juu ya kifuniko kipana, kwa sababu ikikaa nyingi kwenye kikombe hupata joto na kuganda kabla hujamaliza.

Ukungu ni unyevu wa hewa. Wakati wa masika usifanye kazi hii mvua ikinyesha, wala usiku penye umande. Chagua saa kavu za mchana, ndani ya nyumba, madirisha wazi. Ukishapaka, geuza chambo juu chini kila baada ya dakika chache mpaka epoksi isitiririke tena, la sivyo yote itakusanyika tumboni. Vaa glavu, kwani epoksi mbichi huwasha ngozi, na wapo ambao mwili huikataa moja kwa moja.

*Mababu walipaka vyombo vya baharini sifa, yale mafuta ya papa. Haifai kwa vyambo? (Kizimkazi)*

Haifai. Sifa huingia kwenye mbao na kubaki mafuta, haigandi ikawa ganda gumu. Juu yake hakuna rangi itakayoshika.

*Shikamoo mzee. Rangi gani inamvuta nguru zaidi Mkondo wa Pemba? (Kijana, Mkokotoni)*

Marahaba, mwanangu. Mgongo wa buluu iliyoiva au kijani, ubavu wa fedha, tumbo jeupe. Hizo ndizo rangi za vibua anaowala. Kwa magamba, kaza kipande cha chandarua ubavuni kisha puliza rangi kidogo juu yake. Nyekundu usiitegemee kwenye vyambo vya kuzama sana, maana maji huimeza rangi hiyo ndani ya mita chache tu za mwanzo. Lakini mwendo wa chambo naupa uzito kuliko rangi. Kijaribu majini kabla ya safari.

*Mume wangu anatumia rangi zangu za kucha. Zinafaa? (Dada, Mwanakwerekwe)*

Kwa macho na mabaka madogo zinafaa, dada. Ajaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani baadhi hulainisha plastiki. Ile dawa ya kufutia kucha ndiyo asiiguse kabisa. Nyingi zina asetoni, nayo huyeyusha plastiki ya chambo. Na akimaliza, asiweke vyambo vigumu kisanduku kimoja na vile laini vya mpira. Hivyo laini hutoa mafuta yanayokula rangi na vanishi, hata ya kiwandani.