Kwa dada wa Chamwino uliyeandika kuwa furaha imekauka

Pole sana, dada yangu. Umesema unafunga, unaimba kwaya, lakini moyo mkavu, unaogopa Mungu amekuacha. Nami nilipita hapo, mwaka ambao mvua ilikataa na uwele ukakaukia shambani. Kilichonishika ni Habakuki 3:17-18: mizabibu haina matunda, zizini hamna ng'ombe, naye nabii bado anamfurahia Bwana. Sisi wa Dodoma picha hiyo tunaijua!

Kwanza pumzika kufunga. Omba zaburi moja ya maombolezo kwa sauti, hata kwa Kigogo, bila kujilazimisha kucheka. Mweleze mama mmoja unayemwamini kanisani.

Usingizi ukipotea wiki mbili, muone daktari, hiyo si imani haba. Ukiwaza kufa, nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.