Muulize Mzee wa Forodha: polo si fulana

SWALI: Assalaam aleikum, mzee. Nina duka la nguo Langoni, Lamu. Nimeagiza mzigo kutoka Guangzhou: fulana, polo za wanaume, nguo za wachanga na kofia za kufumwa. Ejenti wangu wa Mombasa asema zote tuziandike fulana, namba 6109 ya kitabu cha ushuru wa forodha, eti ushuru ni ule ule. Nimkubalie? – Mama wa duka, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Kwenye ushuru hajakosea sana. Tangu Julai 2022 nguo zilizo tayari zimo katika daraja la juu la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, asilimia 35, kisha VAT asilimia 16. (Kila Julai ulizia gazeti la Jumuiya, nchi huomba viwango vyao vya mwaka.) Basi kama hakuokolei hata senti, uongo wa nini? Ofisa akifungua kontena Kilindini akakuta kofia palipoandikwa fulana, mzigo utalala, na kulala bandarini hulipiwa. Tena kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004, anachoandika ejenti kwa niaba yako ni neno lako.

Kofia ndizo zitakazomuumbua kwanza. Hazimo katika sura za nguo kabisa. Ziko 6505, hata zikiwa za kufumwa.

Zilizobaki, zitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitanzi vimeshikana kimoja ndani ya kingine, uko sura ya 61. Ukiona nyuzi za mtande na mshindio zikipishana, kama kwenye kikoi, hiyo ni sura ya 62.

Fulana ya 6109 haina kola wala vifungo. Ikiwa na pamba zaidi kwa uzito huandikwa 6109.10, poliesta ikizidi, 6109.90. Nusu kwa nusu? Poliesta hushinda, kwa sababu sura yake inakuja nyuma ya ile ya pamba katika kitabu.

Polo, ile yenye kola na vifungo kifuani, ndipo watu wengi hujikwaa. Ya kiume ni 6105, ya kike 6106. Tazama vifungo: upande wa kushoto wa mvaaji ukilalia wa kulia, ni ya kiume; kinyume chake, ya kike. Usipoweza kutambua, huhesabiwa ya kike. Lakini polo yenye mfuko chini ya kiuno, au ukingo wa chini wenye mbavu za kubana, hutolewa humo na kupelekwa 6110 pamoja na masweta. Ndivyo pia kwa ile iliyofumwa kwa vitanzi vikubwa. Itandaze mezani bila kuivuta, pima mraba wa sentimita 10 kwa 10, shika pini uhesabu vitanzi kwa urefu na kwa upana. Wastani ukiwa chini ya 10 kwa kila sentimita, hiyo kwa forodha ni sweta, hata kama wewe utaiuza kwa vijana wa boti katika jua la Januari. Mie kazi hii ya kuhesabu naipenda, ingawa macho hayanisaidii tena.

Nguo za wachanga ni 6111, kwa mtoto asiyezidi kimo cha sentimita 86. Lebo za China mara nyingi huandika kimo chenyewe: 73 na 80 ni wachanga, 90 amekwisha kuwa mkubwa. Zitenge kabla hazijafungwa.

Mwambie muuzaji aandike kila aina kwa mstari wake kwenye ankara: imefumwaje, ya nani, pamba asilimia ngapi. Na mtumie ejenti sampuli moja moja. Forodha wakikupa namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuomba uamuzi utazamwe upya, kwa maandishi.

SWALI: Mzee, nimepata fulana mpya zilizobaki kiwandani, bei ya kutupa. Naweza kuziingiza kama mitumba? – Kijana wa Majengo, Malindi

JIBU: Huwezi. Mitumba ya 6309 lazima ionekane imevaliwa, tena ije kwa wingi au ndani ya marobota au magunia. Fulana yenye lebo ya bei shingoni ni mpya, hata ukiifunga kwenye robota.