Maswali ya Wasomaji: Umekula na Nini Leo?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29. Nilihamishiwa Dodoma kikazi mwaka jana, na mama yangu anaishi Muheza, mkoani Tanga. Kila jioni baada ya magharibi hunipigia simu, na kila jioni maneno ni yale yale: nimetia nini tumboni, mvua imenyesha au haijanyesha, na kama nimeangalia taarifa ya habari. Mimi hujibu "ugali tu", "jua tu", "bado", kisha tunabaki kimya mpaka anasema, "Haya mwanangu, lala salama." Nampenda sana mama yangu, lakini nahisi hatuzungumzi lolote. Nifanye nini ili tuwe na mazungumzo ya maana? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kineno kimoja, "tu". Hicho ndicho kinachowafungia mlango, wala si uchache wa mambo ya kusema.

Mzazi akisikia "nimekula ugali tu", huelewa moja kati ya mawili: kwamba sahani haikuwa na mboga, au kwamba mboga ilikuwapo lakini mwanawe hataki kusema. Yote mawili humtia wasiwasi, na yote mawili hayampi pa kushika ili aulize zaidi. Jikoni kwetu swali lenye uzito halikuwa kamwe "umekula nini", kwa kuwa ugali, wali au bada la unga wa muhogo hujulikana tangu asubuhi, swali ni "umekula na nini?", na jibu lake ndilo linalobeba habari za nyumba nzima. Kisamvu cha nazi kinaeleza kwamba kulikuwa na mtu wa kutwanga, nazi ya kukuna na muda wa kungoja kiive. Chai na mkate wa dukani saa mbili usiku vinaeleza kwamba umerudi umechoka na jiko hukuligusa. Mama yako anajua kuyasoma haya yote, ila wewe humpi cha kusoma.

Sasa uko Ugogoni, nawe una la kumsimulia. Siku ukila mlenda, mwambie kwamba huko majani yake hukaushwa, yakasagwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya miezi isiyo na mboga mbichi, na kwamba tonge la kwanza lilivutika mpaka kidevuni. Atakuuliza hukaushwa vipi, utiwe karanga au usitiwe, nani aliyekupikia, na kama umemshukuru. Hapo mtakuwa mmeshazungumza robo saa bila kutafuta "mada".

Nakusihi katika jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe liliniponyoka. Nilikuwa na shangazi aliyeishi peke yake, tukipigiana simu jioni kama ninyi. Jioni moja aliniambia, "Leo sikuinjika, nimekunywa chai na kiporo." Nikasema haya shangazi. Jioni ya pili, chai na kiporo. Jioni ya tatu kiporo kimekwisha, amekunywa chai kavu, nami nikasema haya shangazi, nikamtakia usiku mwema. Siku ya nne jirani ndiye aliyeniarifu kwamba alikuwa ameteleza uwani, kifundo cha mkono kimemvimba, hawezi kuinua sufuria wala kushika mwiko. Alikuwa ameniambia jioni zote tatu kwa namna ambayo mtu mzima mwenye haya husema jambo kama hilo, nami nilidhani tunaongea habari za chakula. Mkono ulipona. Mimi bado nayasikia masikioni yale "haya shangazi" yangu.

Kuhusu mvua, jambo moja huenda halijakupitia akilini. Muheza wana misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ilhali Dodoma msimu ni mmoja, unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili. Mama anapokuuliza mwezi wa Oktoba kama mmepata mvua, anaipima nchi yako kwa kalenda ya shamba lake, nawe ukijibu "jua tu" siku hamsini mfululizo anaweza kuamini kwamba mnaangamia kwa ukame. Mweleze. Kisha naye muulize zaidi anapokuambia kwamba kumenyesha manyunyu, kwa sababu manyunyu ya asubuhi huko kwao ni makopa ya muhogo yaliyoanuliwa mbiombio yasiote ukungu, ni kuni zilizolowa, ni njia ya shambani inayoteleza na machungwa ambayo lazima yatoke shambani kwa njia hiyo hiyo. Muulize, "Makopa mliwahi kuyaingiza ndani?" Utashangaa atakavyochangamka.

Na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, anapoiuliza, hakutahini. Anataka kujua kama saa ile ile mlikuwa mbele ya picha ile ile, yeye kwake na wewe kwako. Itazame walau siku mbili kwa wiki, kisha mpigie wewe, mara tu baada ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, umuulize kama mawingu ya Muheza yanakubaliana nao.

SWALI: Mpendwa mwandishi, nyumbani tuko watu sita pamoja na mama mkwe wangu. Tukitandika mkeka kwa chakula cha usiku, televisheni inawaka: mume anataka mpira, watoto wanataka katuni, na mama mkwe anataka tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hakuna anayemwambia mwenzake neno. Nimefikia hatua ya kutaka kuificha rimoti. Je, nitakuwa nimekosea? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

JIBU: Dada yangu, rimoti usiifiche, kwa sababu kesho itazungumzwa rimoti na wewe hutasikika. Lakini kuizima televisheni wakati mikono iko kwenye sinia ni haki kabisa, na ningeomba jambo hilo litamkwe na baba wa nyumba mwenyewe, mbele ya watoto, kwa upole. Nusu saa inatosha. Watoto wapewe nafasi ya kusema walichokula shuleni, nani alinyeshewa njiani, daladala ilikwama wapi. Mwanzoni kutakuwa na ukimya wa kuudhi, uvumilieni.

Wale tulio na umri tunakumbuka kwamba sanduku hili ni mgeni wa juzi. Zanzibar iliipata televisheni mapema, miaka ya 1970, na ilikuwa ya rangi, lakini Tanzania Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Katika mitaa mingi nyumba moja ndiyo iliyokuwa nayo, na watoto wa jirani walijazana dirishani mpaka nyavu za mbu zikachanika. Watu walikuwa wakitazama na kusema kwa pamoja, tena kwa sauti. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, wasiokuwa na king'amuzi walirudi tena kwa jirani, na nakumbuka mwezi ule sebule yetu ilivyojaa watu na maneno. Kwa hiyo chombo chenyewe hakijawahi kuwazuia watu kuzungumza. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kila mmoja anakitazama kana kwamba wenzake hawapo.

Ndiyo maana nakushauri jambo ambalo huenda hukulitarajia. Chakula kikishaondolewa na vyombo vikaoshwa, kaa na mama mkwe wako muitazame tamthilia yake, tangu mwanzo hadi mwisho, bila simu mkononi. Muulize yule mwenye kilemba ni nani, na kwa nini analia. Atakusimulia vipindi vyote vilivyopita, na katikati ya masimulizi atasema, kwa mfano, "Yule binti hakufanya vizuri kumnyima mama mtu funguo za stoo." Hapo tega sikio. Mama mkwe mwenye heshima zake hawezi kukuambia usoni kwamba anajiona mgeni katika jiko la mwanawe, lakini kwa kupitia mtu wa kwenye kioo atalisema, nawe kwa njia hiyo hiyo unaweza kumjibu: "Labda binti hakujua kwamba mama anapenda kupika." Kesho yake asubuhi mpe nazi aikune, au mwachie mchele auchague. Msifafanuliane kitu. Nimeona nyumba ambazo mambo mazito ya miaka mingi yalilainishwa hivyo, kwenye makochi, taa ikiwa imezimwa ili kuokoa umeme.

Mpira mwachie mumeo siku za mechi kubwa, na siku hizo kuleni mapema.

SWALI: Nimetoka Kigoma, sasa naishi Unguja mjini. Nikipita barazani watu wakila huniambia "Bismillah", kisha huanza habari za upepo. Je, nikubali chakula, na habari za upepo nizijibu vipi? (Mgeni wa Visiwani)

JIBU: Ndugu yangu, "Bismillah" hapo ni mwaliko wa kweli, na anayeusema hangependa upite kana kwamba hukusikia. Kama una nafasi, nawa mikono, kaa, chukua tonge moja au mawili, kisha shukuru. Kama huna, weka mkono kifuani useme, "Ahsanteni, nimetangulia, kuleni kwa raha," na hakuna atakayeudhika.

Upepo nao ni habari ya sufuria. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na huja na joto. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na linapovuma kwa nguvu bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na kitoweo huadimika na kupanda bei. Mzee akikuambia "kusi limeshika", usijibu "ndiyo, kuna baridi". Muulize leo sokoni Darajani wameonekana samaki gani, na bibi nyumbani atapika nini badala yake.