Tundu la mwaloni katika To Kill a Mockingbird

Mkuu, umeuliza kwa nini Harper Lee anakaa sana kwenye tundu la mti wakati kiini cha riwaya (1960) ni kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa ubakaji. Mimi naona tundu lile ndilo mlango wa kuingilia kesi yenyewe. Boo Radley, jirani asiyetoka nje, anawawekea humo watoto wawili, Scout na kaka yake Jem, jojo, senti kuukuu, saa mbovu, na wanasesere wawili wa sabuni wanaofanana nao. Hebu fikiria: ili uchonge hadi nywele za Jem zinavyomwangukia usoni, lazima umemtazama siku nyingi, tena kwa upendo.

Watoto wanaandika barua ya shukrani. Wanapoipeleka wanakuta tundu limezibwa kwa saruji. Kaka yake Boo, aliyeliziba, anadai mti unaumwa. Baba wa kina Scout akiutazama, majani ni mabichi, mti mzima kabisa. Jem anabaki barazani hadi giza linaingia, na akiingia ndani Scout anaona kwamba alikuwa analia.

Utoto wa Jem unaanza kumtoka pale, kabla ya mahakama. Amemwona mtu mzima akidanganya mchana kweupe ili kuziba njia ya wema. Kwenye kesi atawaona kumi na wawili: wazee wa baraza wanaomtia Tom hatiani.