Gari Kivulini, Paneli Juani: Umeme wa Jua kwa Safari na Kambi

Watu wanaojiandaa kwa safari ndefu ya gari huniuliza, "Ninunue paneli ya wati ngapi?" Nami huwarudishia swali: mnabeba friji? Jibu la hapo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine. Asiye na friji anaweza kukaa porini wiki nzima kwa paneli ndogo ya kukunja inayoingia kwenye begi la mgongoni. Mwenye friji anahitaji kukaa chini na kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Matumizi ya umeme hupimwa kwa wati-saa, yaani wati za kifaa mara muda kinaowaka. Taa ya LED ya wati 5 ikiwaka kwa muda wa saa 5 imekula wati-saa 25. Kujaza simu kutoka sifuri ni wati-saa 15 hadi 20, na kompyuta ya mkononi ni 50 hadi 60 hivi. Watu wawili wenye simu zao, taa mbili na kamera hawafiki wati-saa 120 kwa siku.

Sasa ingiza friji ya gari, ile ya kompresa inayotumia volti 12. Ikinguruma hula wati 40 hadi 60. Kwa bahati nzuri haingurumi muda wote, huwaka na kuzima, na kwa siku nzima matumizi yake huangukia kati ya wati-saa 300 na 600. Joto likizidi, au ukiigeuza iwe ya kugandisha, hupanda zaidi. Kifaa hicho kimoja basi hula mara tatu hadi tano ya vingine vyote vikijumlishwa.

Ndiyo maana naanza na friji kabla ya kuzungumzia paneli. Mimi huiwasha usiku wa kuamkia safari ikiwa bado imechomekwa kwenye umeme wa nyumbani, na kila kinachoingia ndani kimeshapoa. Kazi ngumu ya kushusha joto inakuwa imekwisha kabla betri haijaguswa. Njiani naijaza vizuri, kwa sababu friji tupu hutoa hewa yake yote ya baridi kila ukiifungua. Upande wenye matundu ya hewa hauwekewi mizigo. Tukifika kambini inakaa kivulini siku nzima, hata kama ni kuihamisha mara mbili. Mambo hayo hayana gharama, na yanaweza kukuokolea umeme mwingi kuliko utakaoupata kwa kuongeza paneli.

Maji ya moto yaachie gesi. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji wati-saa 93 kwa uchache, sawa na kuchaji simu mara tano. Birika la umeme nalo linataka inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 1500 au 2000 ambayo huihitaji kwa kitu kingine chochote.

Wati zilizoandikwa na wati utakazopata

Paneli iliyoandikwa wati 100 ilipimwa maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita mraba, na seli zenyewe zikiwa na joto la nyuzi 25. Ukiiweka juani mchana, seli hupata joto la nyuzi 50, hata 60. Kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia paneli ya silikoni kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu zake. Ongeza vumbi, pembe isiyo sahihi na waya. Ninapopanga safari, paneli ya 100 naihesabu kuwa ya 70, na sijapata sababu ya kubadili.

Halafu kuna muda. Jua likichomoza saa 12 asubuhi na kuzama saa 12 jioni, haimaanishi una muda wa saa 12 za umeme. Asubuhi na jioni mwanga ni dhaifu. Ukiujumlisha wote na kuubana uwe jua kamili, maeneo yaliyo karibu na ikweta hupata saa 4 hadi 6 kwa siku, na kaskazini ya mbali wakati wa baridi hata saa 2 huwa shida kufika. Kwa hiyo paneli ya wati 100 siku nzuri hukupa wati-saa 300 hivi. Simu na taa zitatosheka na kubakiza. Kwa friji, mimi huanzia wati 200, wala sisiti.

Kivuli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo umeme mwingi wa kambini unapopotelea.

Fikiria saa 4 asubuhi, anga halina wingu. Paneli imeegemea jiwe na kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kuingia kwenye betri, kinaonyesha wati 68. Jua linasogea, na tawi la mti ulio pembeni linatupa kivuli kwenye kona ya chini, eneo la kiganja cha mkono tu. Namba inashuka palepale: 68, 41, 33. Sehemu kubwa ya paneli bado inang'aa juani, lakini nusu ya umeme imekwenda. Nimeitazama namba hiyo ikianguka mara nyingi, na bado hunishangaza jinsi inavyoanguka haraka.

Sababu yake ni kwamba seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, umeme wa moja ukipita kwenye ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho. Seli moja ikifunikwa inazibana zote, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Watengenezaji huweka diodi za kuruka sehemu iliyozibwa, nazo husaidia, ila huruka kundi zima la seli. Kivuli cha kiganja kinakugharimu nusu ya paneli au theluthi yake. Kamba ya hema, antena ya gari, mguu wa kiti, hata taulo lililoanikwa upande wa pili wa kambi, vyote vinatosha.

Kwa hiyo napendelea paneli ya kukunja yenye waya mrefu kuliko ile iliyofungwa juu ya gari. Ya juu ya gari ina uzuri wake: haihitaji kupangwa, si rahisi kuibiwa, na inachaji hata mkiwa barabarani. Lakini inakulazimisha uegeshe gari juani. Gari likiiva, friji iliyo ndani nayo inanguruma bila kupumzika, na unajikuta unautumia umeme ule ule uliouvuna. Kwenye joto, gari liko kivulini na paneli iko juani, basi. Ukiamua kufunga juu ya gari, acha upenyo wa sentimita chache chini ya paneli hewa ipite.

Kuielekeza paneli hakuhitaji programu ya simu. Simamisha kalamu wima juu ya uso wa paneli, halafu uinamishe paneli mpaka kivuli cha kalamu kitoweke. Hapo inalitazama jua moja kwa moja. Asubuhi, mchana, alasiri; mara tatu zinatosha. Na mkiwa mnaondoka kwenda kutembea, iweke mahali ambapo jua litakuwepo mchana, si lilipo sasa hivi. Ifunge au uiwekee mawe, maana upepo huichukua paneli ya kukunja kwa urahisi.

Waya mrefu una sharti lake: uwe mnene. Paneli ya wati 200 inayotoa volti 18 hupitisha ampea 11 hivi. Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, unapoteza volti 1.5, yaani zaidi ya asilimia 8 ya ulichovuna. Waya wa milimita mraba 6 hushusha hasara hiyo chini ya asilimia 4. Angalia pia kidhibiti chaji kiko wapi. Paneli nyingi za kukunja huja nacho kimegandishwa mgongoni. Kikiwa huko, mita 10 kutoka kwenye betri, kinasoma volti zilizo juu kuliko za betri yenyewe, kinadhani imekaribia kujaa, na kinapunguza chaji mapema. Kidhibiti kikae jirani na betri, na urefu wa waya uwe upande wa paneli. Kikiwa cha aina ya MPPT, inayotafuta yenyewe mahali paneli inapotoa nguvu nyingi zaidi, ni bora zaidi, hasa asubuhi za baridi.

Betri

Usitegemee betri inayowasha gari. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, haikuundwa kumalizwa polepole usiku kucha, na ikiisha huna gari.

Kwa betri ya pili, ile ya vifaa vya kambini, ya asidi yenye volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 (12 mara 100) kwenye karatasi, ila ukitaka idumu tumia nusu tu. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, LiFePO4, yenye ukubwa huo huo unaweza kutumia karibu yote, ina uzito wa nusu au chini ya hapo, na huvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa. Ni ghali mwanzoni. Kwa anayesafiri mara kwa mara, mimi ningeingia kwenye lithiamu bila kurudi nyuma. Ina miiko miwili: isichajiwe chini ya nyuzi 0, na isiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Ukubwa unaofaa ni ule unaokuvusha siku mbili za mawingu. Kwa friji na vitu vidogo, hiyo ni wati-saa 1000 hadi 1200. Yale maboksi yenye betri, kidhibiti na inveta humo humo ni sawa kabisa kwa asiyetaka kugusa waya.

Ukifunga mwenyewe, fyuzi iwe karibu na ncha chanya ya betri, na ukubwa wake ulingane na waya. Kwenye kidhibiti, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutoka.

Inveta nayo iwashwe inapohitajika tu. Hata bila kuchomekwa kitu inaweza kula wati 10, na kwa siku nzima hizo ni wati-saa 240, karibu mavuno yote ya paneli ya wati 100. Simu, taa na friji ziende moja kwa moja kwenye USB na volti 12.

Huenda huhitaji paneli

Neno hili wauzaji hawalisemi sana. Kama safari yako ni ya kuendesha kila siku na kulala mahali papya kila usiku, altaneta ya gari, jenereta inayozungushwa na injini, ni mzalishaji mkubwa kuliko paneli yoyote utakayobeba. Chaja ya kutoka betri ya gari kwenda betri ya pili, yenye ampea 25, hutoa wati 300 na zaidi. Mwendo wa saa moja unalingana na siku nzima ya paneli ya wati 100. Tundu la kiwashia sigara haliwezi hivyo, fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15, lakini hata wati 100 kwa mwendo wa saa tatu si haba. Nunua chaja hiyo kwanza. Paneli inapata maana pale mnapotua mahali na kukaa siku mbili, tatu, bila kuwasha injini.

Na kwa wanaotembea kwa miguu, tafadhali msivutwe na pawabenki zenye kipaneli kilichobandikwa juu. Pawabenki ya 20,000 mAh inahifadhi wati-saa 74. Kipaneli cha wati 1.5 kinahitaji karibu saa 50 za jua kamili kuijaza, na muda wote huo betri inaungua juani. Chukueni pawabenki ya kawaida na paneli ya kukunja ya wati 20 hivi. Mchana paneli ijaze pawabenki iliyofichwa chini ya kitambaa, usiku pawabenki ijaze simu. Kuunganisha simu moja kwa moja kwenye paneli hakufai: wingu likipita chaji inakatika, na simu inapata joto hadi inakataa kuchaji.

Wiki moja kabla ya kuondoka, toa kila kitu nje na uishi nacho siku mbili pale pale nyumbani: friji ikiwa na vitu ndani, taa, simu, paneli juani. Andika kiwango cha betri jioni na asubuhi. Siku ya pili saa 12 asubuhi, kabla jua halijagusa paneli, betri ikiwa na zaidi ya nusu, mfumo wako umefaulu. Ikiwa chini ya hapo, isikilize friji kwanza, inanguruma kwa muda gani na imekaa wapi, kabla hujakwenda kununua wati nyingine.