Kabla hujanunua Starlet ya zamani, muulize mwenyewe anakumbuka nini

Mzee aliyeniuzia Toyota Starlet yangu mwaka 2009 hakupokea pesa mara moja. Nilifika kwake Kinondoni na kaka yangu, rangi tumeshaikagua, stata tumeshaipiga mara tatu, noti ziko kwenye mkoba. Mzee akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada lililochakaa, akavuta kiti. "Kaa kwanza, mwanangu. Nikusomee gari, halafu ndiyo ulipe."

Alinisomea karibu saa nzima. Lini alimwaga oili na dashibodi ilikuwa inasoma kilomita ngapi, beliti ya taimingi ilibadilishwa mwaka gani, betri ilinunuliwa lini, taa ya nyuma ilivunjwa na nani. Mimi nilikuwa natazama funguo tu. Mwishoni akanikabidhi na daftari lenyewe, nikalitia kwenye droo ya gari na kulisahau. Nilikaa na gari lile miaka 13, na leo mtu akiniuliza kama Starlet ya zamani inafaa kununuliwa, jibu langu linaanzia kwenye daftari hilo.

Yangu ilikuwa ya mwaka 1997, umbo la EP91, injini ya 4E-FE yenye cc 1331, gia 5 za mkono, namba ya usajili ya herufi A. Umbo hilo lilitoka mwaka 1996, na kufikia 1999 Toyota walikuwa wameshaleta Vitz ichukue nafasi yake. Hesabu mwenyewe: hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa ina zaidi ya miaka 25. Kwa hiyo ukinunua Starlet leo, unachonunua hasa ni miaka 25 ya mikono ya watu.

"Starlet haifi." Hakuna dalali wa Dar ambaye hajalitamka neno hili, na kila aliyewahi kuwa nayo ana kisa cha kulithibitisha. Jirani yangu Tabata alikuwa dereva teksi, na mpaka leo anaapa kwamba alipiga kazi na Starlet miaka 7 bila kufungua injini. Namwamini. Lakini siku moja tulikaa barazani nikamuuliza taratibu, baba, katika miaka hiyo ulibadilisha nini na nini? Akaanza kuhesabu kwa vidole: rejeta mara mbili, mota ya feni, klachi tatu, sivi jointi, altaneta, bushi ambazo hata idadi hazikumbuki. Na oili alikuwa anamwaga kila baada ya wiki 3, kwa sababu teksi hailali.

Kwake yeye vyote hivyo havikuwa kuharibika. Gari kuharibika, kwake, ni injini kushushwa chini. Ndivyo wenye magari haya wanavyokumbuka wengi wao: injini inabaki kichwani, yale mengine yanapotea pamoja na risiti zake. Anayesikiliza anaondoka akiamini kwamba gari lilikwenda lenyewe.

Binamu yangu aliondoka na imani hiyo. Alinunua Starlet kama yangu, injini ileile, akaiendesha mwaka mzima akiongeza oili tu bila kuimwaga hata mara moja. Siku inaanza kugonga, fundi alipofungua chini akakuta tope jeusi. Gari lilelile linalosifiwa kwa kutokufa lilimfia mkononi, na hakuwa amefanya ubaya wowote isipokuwa kuamini sifa.

Sifa zenyewe si za uongo, na zina sababu. Starlet ni jepesi, halifiki tani moja, hivyo injini ndogo haielemewi. Umeme wake ni mchache, fundi wa mtaani anaweza kuufuata kwa macho na tochi. Injini ya 4E-FE ilifungwa pia kwenye baadhi ya Corolla, Corsa na Tercel, ndiyo maana ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea, hukosi kitu chake. Na haili mafuta. Nikienda Korogwe kumwona mama, nilikuwa napata kilomita 15 kwa lita, dirisha wazi, nimepakia na magunia ya machungwa wakati wa kurudi.

Sasa nije kwenye jambo moja ambalo, hata yakinishinda mengine yote kuyaeleza, hili naomba lisipotee: joto.

Mwezi wa kwanza tu baada ya kununua, fundi mmoja alinishauri nitoe themostati. "Dada, hii ni ya nchi za baridi, hapa Dar inazuia maji tu." Ilinikaa akilini, nikakubali. Utasikia ushauri huo gereji nyingi mpaka leo. Ukweli ni kwamba kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inakwenda ikiwa baridi kwa muda mrefu, inakula mafuta zaidi na inachakaa upesi. Halafu nikaongeza kosa la pili. Rejeta ikipungua, nilikuwa najaza maji ya kisima ya nyumbani, na visima vya kwetu vina chumvi. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa pili huoni kitu. Ndani, chumvi na kutu vinajenga ukoko kwenye vijia vya rejeta, taratibu, kama sufuria ya kuchemshia maji.

Mwaka 2012, Ijumaa jioni, nilikuwa kwenye foleni ya Tazara. Wakati huo daraja la Mfugale halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2018, na pale unaweza kukaa saa nzima unasogea urefu wa basi moja. Gari likiwa limesimama halipati upepo wa mbele, linategemea feni peke yake, na mota ya feni yangu ilikuwa imechoka. Sikuutazama mshale wa joto. Nilichokuja kuona ni mvuke unatoka kwenye boneti. Badala ya kuzima palepale nikajipa moyo nifike kituo cha mafuta kilichokuwa mbele, kama mita 600 hivi.

Mita zile 600 ndizo zilizoua gasketi. Bloku ya injini ile ni ya chuma cha kusubu, hedi yake, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, ni ya alumini. Alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma, na ikizidishiwa inapinda. Ikishapinda, gasketi iliyo katikati haibani tena, maji yanaingia kwenye oili. Nilipochomoa kijiti cha oili asubuhi yake, kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya, rejeta, mota ya feni, oili mara mbili ili kusafisha. Laki 7 na ushee, na wiki 2 za daladala.

Katika wiki hizo nililitoa daftari la mzee kwenye droo nikalisoma kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa nne, kwa kalamu nyekundu: "Themostati isitolewe. Maji ya kisima yasitiwe." Nililia kidogo, sitaficha. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa na mtu aliyekwisha kulipia kujua, akanipa bure.

Kwa hiyo unapokwenda kukagua, nenda asubuhi gari likiwa baridi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, yenye rangi safi. Ukiona maji ya kutu au mafuta yanayoelea juu, shukuru na uondoke. Kisha liwashe, liache lingurume mahali pamoja, na usiwe na haraka. Mshale upande hadi karibu na katikati na utulie, feni iwake yenyewe, izime yenyewe, iwake tena. Feni inayozunguka muda wote tangu unapowasha swichi, fundi ameiunganisha na umeme moja kwa moja, na aliyeiunganisha alikuwa anakimbia tatizo fulani. Uliza ni lipi. Ukishalinunua, na siku mshale ukapanda foleni, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho hata kama utaloa jasho, tafuta pembeni, zima injini. Hita inanyonya joto la injini na kulileta ndani kwako. Ila hakikisha mapema kwamba mipira yake haijakatwa, maana mafundi wengi wa Dar huiziba wakidhani haina kazi. Na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe kabisa.

Oili ni fupi zaidi. Watu wanamwaga kila kilomita 5,000, na kwa barabara kuu ni sawa. Kwa Dar nilishusha hadi 4,000, na filta mpya kila mara, kwa sababu kutoka Tabata hadi Posta ni kama kilomita 10 lakini injini inanguruma saa mbili. Dashibodi inahesabu umbali, haihesabu foleni. Beliti ya taimingi ni kilomita 100,000, lakini kwa gari la umri huu, kama muuzaji hawezi kukwambia ilibadilishwa lini, ihesabu kwamba haijabadilishwa na uiweke kwenye bei.

Mafuta yalinisumbua mara moja tu, mwaka 2010, kipindi ambacho neno kuchakachua lilikuwa midomoni mwa kila mtu kwa sababu petroli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa. Gari likakosa nguvu, plagi zikawa nyeusi. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, walianza kutia kinasaba kwenye mafuta, alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Tabia niliyobaki nayo ni kujaza kituo kimoja na kuweka risiti. Na sikuacha tangi lifike chini kabisa, kwa kuwa pampu imezama ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yenyewe. Anayetembea kila siku na taa ya mafuta imewaka anaichoma pampu yake.

Spea: nina msimamo ambao mafundi wengine hawaupendi. Altaneta, stata, sivi jointi, bora mtumba wa Japani uliokaguliwa kuliko kipya cha bei ya kutupa. Lakini beliti, mipira ya maji, breki, usichukue mtumba hata upewe bure. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa rafuni.

Kutu usiiache. Dar ni mji wa bahari na chumvi ya hewani haichagui. Inua zulia la ndani, ushike sakafu kwa mkono, angalia na matao ya magurudumu. Ukikuta matope makavu chini ya zulia au kwenye mkanda wa dereva ukiuvuta hadi mwisho, gari limelala kwenye maji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 magari ya namna hiyo yalioshwa yakarudishwa sokoni.

Ninachokuomba zaidi ya yote ni kukaa na mwenyewe, si dalali. Msalimie, mpe muda, na usimuulize "gari lina tatizo?" maana jibu lake unalijua. Muulize, mzee, au mama, mara ya mwisho lilikulaza wapi? Fundi wako ni nani, naweza kumwona? Kitu gani umekibadilisha zaidi ya mara moja? Mtu aliyelitunza gari atakumbuka kwa majina na majira: ilikuwa mvua za masika, tulikuwa Chalinze, mwanangu wa pili ana mwaka mmoja. Anayesema halijawahi kumsumbua hata siku moja, aidha hakulitumia au hakulitazama.

Kuna kitu Starlet haina, nacho ni uzito wa kukukinga. Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini, na ukiwa katikati yake unajua kabisa umekaa kwenye gari dogo. Breki zangu nilizikagua kila nilipomwaga oili, na usiku sikulitoa nje ya mji. Mwenye watoto watatu na safari za mkoani kila mwezi nisingemshauri alinunue, hata injini iwe nzima namna gani.

Nililiuza mwaka 2022 kwa binti mmoja mwalimu anayeishi Mbagala. Alikuja na fundi wake, nikawakalisha, nikawasomea madaftari mawili, la mzee na la kwangu. Yule fundi alikuwa anaangalia saa. Binti alikuwa anaandika.

Mwezi uliopita alinipigia. "Shikamoo dada. Kwenye daftari lako umeandika mpira wa chini wa rejeta ulibadilisha 2018. Naona umeanza kuvimba karibu na kibanio, na Gerezani wananionyesha wa aina mbili. Nichukue upi?"

Nikamwambia asinunue siku hiyo. Autoe wa zamani, aende nao mkononi, aulinganishe mkunjo na mdomo wake hapohapo dukani, na akitoka pale apitie na kibanio kipya.