Swali la Lugha: "Weka alamisho kwenye folda" au "alamisha folda"?

SWALI: Mimi ni karani wa masjala, Dodoma. Naandaa mwongozo wa kuwasaidia wenzangu wafikie haraka folda wanazozitumia kila siku, kwa kubofya jina la folda kwenye orodha iliyo pembeni mwa dirisha. Niliandika "weka alamisho kwenye folda", mwenzangu akasahihisha "weka njia ya mkato". Nani yuko sahihi? Na je, tuseme alamisho hii au alamisho hili?

JIBU: Neno lako ndilo sahihi. Njia ya mkato ni kitu kingine: kwenye Windows, kwa mfano, ni faili dogo linalojitegemea, unaloweza kulinakili au kulihamishia kwingine. Alamisho ni jina tu katika orodha ya programu, na kazi yake ni kukupeleka kwenye folda husika.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo "kwenye folda". Karani mgeni wa kompyuta akisoma "weka alamisho kwenye folda" ataifungua folda atafute pa kuweka kitu ndani yake. Kitenzi tunacho, tukitumie: alamisha. Folda inaalamishwa, nawe unaialamisha. Usiseme "tia alama", maana wengi wataelewa kuwa ni kuichagua tu.

Kuhusu ngeli, nomino zinazotokana na vitenzi vya -sha huelekea LI-YA: fundisha, fundisho, mafundisho; rekebisha, rekebisho, marekebisho. Kwa hiyo ni alamisho hili, maalamisho haya. Wapo wanaosema "alamisho hizi" na wanaeleweka, ila katika mwongozo wa ofisi ningeshika LI-YA. Hizo "a" mbili zisikusumbue. Mbona tunasema maagizo na maamuzi bila shida? Faili nalo ni hili, mafaili haya. Folda ni hii, folda hizi. "Kabrasha" liache, kwa kuwa ofisini kwenu makabrasha ni yale ya kikao.

Sasa jambo ninalokuomba ulizingatie kuliko yote: vitenzi vya kuondoa. Ukiandika "futa alamisho", mtu akakosea kidogo akaifuta folda yenyewe, nyaraka za watu zimekwenda pipani. Andika "ondoa" kwa alamisho, na "futa" ulibakize kwa faili na folda tu. Tofauti hiyo ishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Vilevile taja mfumo wa kompyuta. Katika programu ya mafaili ya GNOME, yaani mazingira ya madirisha na menyu yanayotumika kwenye mfumo wa Linux, ukiwa ndani ya folda ukabonyeza Ctrl na D, folda inaalamishwa. Kwenye Windows, ukiwa umechagua faili, vitufe hivyohivyo vinalipeleka pipani! Huko folda inabandikwa kwenye orodha ya pembeni kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya.

Kwa wanaotumia GNOME ningeandika hivi: "Fungua folda ya Likizo, kisha bonyeza Ctrl na D kwa pamoja ili kuialamisha. Usipoihitaji tena kwenye orodha, ondoa alamisho lake. Folda na mafaili yaliyomo yatabaki palepale. Folda ikihamishwa, ondoa alamisho la zamani, uialamishe upya."